Jina la Aimée

Mwili wa Jean-Claude ulirudi Mubi ukiwa umeketi. Nizeyimana, motari, alikuwa mbele ameshika usukani wa pikipiki. Nyuma kabisa alikaa mchuuzi mmoja wa chumvi aliyekubali kumshikilia marehemu kiunoni asianguke. Jean-Claude alikuwa katikati yao, kichwa kimefungwa kitenge, na kila pikipiki ilipoingia shimoni paji lake la uso lilimgonga Nizeyimana mgongoni. Watu wa sokoni waliowaona kwa mbali walidhani ni mlevi anayerudishwa nyumbani, na mmoja wao akacheka.

Pikipiki haikusimama hospitali. Ilikwenda moja kwa moja hadi dipo la Papa Mbusa, kwa kuwa lori lilikuwa la Papa Mbusa, na Jean-Claude, dereva wake, alikuwa mtoto wa dada yake. Kasereka, mdogo wake Jean-Claude, alikuwa mlangoni na mfuko wa saruji begani. Alivitambua viatu kwanza. Hakuuweka mfuko chini. Uliteleza wenyewe, ukapasuka, na vumbi la saruji likamfunika miguu.

"Ni pale nyuma ya kilalo ya muto," Nizeyimana alisema. "Risasi zilitoka mu majani. Basoda ba eskoti, bale banalindaka gari, baliruka, bakaingia mu pori. Jean-Claude alishuka na mikono juu. Balimupiga na mikono iko juu, Papa. Kiisha bakabeba vitu, bakachoma gari."

Walimlaza juu ya marobota ya kaniki, wakamfunika turubai la lori. Papa Mbusa alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akakaa juu ya gunia la maharagwe. Aimée, karani wa dipo, alitoka kwenye meza ya kompyuta akaja na ndoo ya maji na kitambaa. Alianza kumfuta marehemu damu masikioni. Hakuna aliyemzuia bado.

"Balijua aje saa?" Kasereka aliuliza.

Swali lilikuwa la haki. Katika barabara ile ya Hombo, saa ya lori kuondoka ilibadilishwa kila safari na haikutamkwa kwa mdomo. Jioni Aimée aliiandika kwenye mashine, na watu wa dipo la Hombo wakaisoma kwenye mashine yao ili wajue wakati wa kungoja. Hata Jean-Claude mwenyewe aliamshwa tu na kuambiwa awashe.

"Mudomo haikusema," Kasereka alisema. "Basi mashini njo ilisema."

*

Papa Mbusa alikuwa na madipo matatu: Mubi, Walikale na Hombo. Mashine zake ziliunganishwa kwa sahani ya setilaiti iliyokuwa juu ya bati. Zamani kila kitu kilikuwa na ufunguo wake: ghala na neno lake la siri, risiti na lake, safari za malori na lake, na wafanyakazi waliyasahau yote. Ndipo fundi kutoka Goma, kijana aitwaye Cyusa, akaja akazifunga pamoja. Kila mtu alipewa jina lake na neno moja la siri. Ukiingia mara moja asubuhi, kila mlango unakufungukia, na popote unapogusa mashine inaandika kwamba ni wewe. "Musipeane," Cyusa aliwaambia. "Mutu mumoja, jina moja."

Walimwitikia vizuri, wakamlipa, akaenda. Lakini Mubi ina desturi zake. Jenereta liliwashwa asubuhi, na aliyefika wa kwanza ndiye aliyeingia. Wa kwanza alikuwa Aimée kila siku. Waliokuja baada yake waliketi palepale alipokwisha kufungua, kwa sababu kutoka na kuingia upya kulikula mtandao, na mtandao ulinunuliwa kwa kipimo. Tena, mkubwa akija kutazama kitu, mdogo hawezi kuifunga mashine kwanza mbele yake. Ni kama kumfungia mtu mlango usoni na yeye yuko kizingitini. Kwa hiyo jina la Aimée lilibaki wazi kutwa nzima, na kila mtu wa dipo aliingia na kutoka ndani yake.

Papa Mbusa alimpigia Cyusa. Simu ilimponyoka, Kasereka akaiokota, akaibonyeza spika na kuiweka juu ya mzani ili wote wasikie.

"Papa Mbusa, bonjour! Réseau ya mashini iko natembea muzuri?"

"Jean-Claude amekufa," Papa Mbusa alisema. "Balimuua mu njia. Angalia mu mashini. Nani aliangalia saa ya gari?"

Wakasikia vidole vikigonga vitufe, mbali, huko Goma.

"Hombo, jina ya Muhawenimana, karani wa kule, mara moja. Mubi, jina ya Aimée, leo asubui mara mbili. Na jana magaribi, Aimée tena. Ile ya jana ilipita ku telefone."

"Telefone ya nani?"

"Haionyeshe. Papa, sikiliza muzuri, jina haiko mutu. Kama aliachia mutu mwengine mot de passe, ile neno ya siri... Ngoja kwanza, ile jina ninaifunga sasa hivi, Mubi, Hombo, kila fasi, juu ya usalama. Allô? Papa?"

Lakini hapakuwa tena na mtu aliyekuwa akisikiliza simu.

Aimée alikuwa bado amepiga magoti kando ya marehemu, kitambaa mkononi. Jana magharibi alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, na simu yake ilikuwa nyumbani, imeisha chaji. Alijua mara moja. Duniani kulikuwa na simu nyingine moja tu iliyoweza kuingia kwa jina lile, nayo ilikuwa mfukoni mwa mume wake.

"Telefone ya nani?" Kasereka aliuliza safari hii, naye alimwuliza yeye.

"Sijue," Aimée alisema.

"Jina ni yako?"

"Jina ni yangu."

"Telefone ya nani?"

"Sijue, kaka."

Kasereka alichukua mpini wa koleo. Pigo la kwanza Aimée alilikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa ukalia kama muhogo mkavu unapovunjwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini akautazama mkono wake, namna ulivyopinda mahali pasipo na kiungo. Pigo la pili lilimpata mgongoni, la tatu begani. Wapakizi wengine waliingia. Mmoja alimvua kilemba akamvuta nywele, mwingine akaitoa simu yake kwenye mfuko wa sketi.

"Fungula!"

Alijaribu kwa kidole kilichojaa damu, na kioo hakikumtambua. Alijaribu tena. Kasereka akaipokonya simu, akaiweka sakafuni na kuiponda kwa jiwe la mzani, mara mbili, tatu, mpaka vipande vikaruka chini ya marobota.

"Mutoto wa kambi ya bakimbizi!" mwanamke mmoja alipiga kelele mlangoni. "Tulikutosha Masisi, mu mahema ya Lushebere, tukakupa kiti ya kukalia! Njo hivi unalipa?"

"Mutu wa Masisi ni hivyo," mwingine alisema. "Ukimupa unga, anaulizia na chungu."

Walimfunga kwenye nguzo kwa kamba za kufungia marobota. Kijana mmoja aliondoka mbio, na kila mtu alijua anakwenda kutafuta nini. Alirudi akibingirisha tairi kuukuu.

Papa Mbusa alisimama. "Muache kwanza," alisema. "Tungojee polisi."

Sauti yake ilikuwa ndogo, nao wakafanya kama hawakuisikia. Kulikuwa na jambo jingine ambalo angeweza kulisema. Zile mara mbili za asubuhi zilikuwa zake. Alikuwa hakupata usingizi, akaja dipo, akaketi mahali Aimée alipokwisha kufungua, akatazama saa ya kuondoka, akarudi tena kutazama, kama mzazi anayemfunika mtoto shuka ambalo tayari limemfunika. Lakini kulisema kulikuwa kusema pia, mbele ya wapakizi wake, kwamba yeye mwenye malori hajawahi hata siku moja kuingia kwa jina lake mwenyewe. Kwamba neno lake la siri alilisahau siku ileile alipopewa, akaona haya kuuliza, na tangu hapo anaishi ndani ya jina la karani wake kama mwanamume anayelala kwa wakwe. Alikaa tena juu ya gunia.

*

Nyumbani, Omer, mume wa Aimée, alikuwa amepindua pikipiki uani, anafunga mnyororo uliokuwa umekatika. Mama yake, Pétronille, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Jirani alipita nje ya ua akikimbia, hakusimama.

"Omer! Banamufunga bibi yako ku dipo! Banasema aliuzisha Jean-Claude kwa benye bunduki!"

Omer aliusimamisha mkono. Grisi ilikuwa imempanda hadi viwikoni.

"Aimée? Aimée auzishe nani?" Pétronille alisema. Kisha akamtazama mwanawe, na mchi ukabaki ndani ya kinu. "Omer. Ulifanya nini?"

"Mama, sikuuzisha mutu."

"Sikukuuliza kama uliuzisha. Ulifanya nini?"

"Niliangalia tu saa." Alizungumza akiutazama mnyororo. "Sisi bamotari tunafuataka gari ya eskoti. Ukiwa nyuma ya basoda, benye barrière ya njia banakuachia, na bale ba pori banakuogopa. Jana niliingia na jina yake ku telefone, nikabaambia benzangu ba parking ya pikipiki. Na miye ningeenda. Ni mnyororo tu ilinikatikia."

"Balikupa nini?"

"Petroli. Kila mutu kidogo."

Pétronille alikaa kwenye kigoda. Yeye pia alikuwa na lake. Aimée alipopata kazi alikuwa amekataa kumpa mumewe neno la siri. Alisema fundi alikataza. Pétronille ndiye aliyesema pale pale mezani kwamba mwanamke anayefunga kitu bwana yake asikione, huyo ana bwana wa pili. Aimée alikuwa ameinamisha kichwa, na usiku ule akamnong'oneza Omer neno lenyewe sikioni.

"Enda useme," Pétronille alisema.

"Bataniua, Mama."

"Na kule dipo sasa banaua nani?"

Omer hakunawa mikono.

*

Omer alipofika dipo, tairi lilikuwa tayari shingoni mwa Aimée, na mtu alikuwa amesimama na chupa ya bia iliyojaa petroli. Kijana wa kiberiti alikuwa akibishana na mwingine kwamba wamtoe nje kwanza, wasije wakaunguza vitambaa.

"Ni miye!" Omer alipaza sauti. "Jana magaribi ni miye, haikuwa ye! Telefone njo hii!"

Walimpisha. Si kwa huruma. Walitaka kumwona vizuri.

"Omer, toka hapa," Aimée alisema. Mdomo wake ulikuwa umevimba na maneno yalitoka mazito. "Usibasikilize. Rudi nyumba."

"Muone bibi na bwana," Kasereka alisema. "Bamepanga. Ye alijua tutamuchoma, akamutuma bwana yake kujibeba makosa." Alimshika Omer kwenye kola na kumsukuma mpaka kwenye kompyuta. "Unasema uliingiaka na jina yake? Ingia tuone."

Omer aliketi. Vidole vyake vya grisi viliacha alama kwenye vitufe. Aliandika jina la mkewe polepole, herufi moja moja, kisha neno la siri. Mashine ilifikiri, kisha ikaandika kwa maandishi mekundu kwamba haiwezekani. Aliandika tena. Haiwezekani. Akaitoa simu yake na kujaribu huko. Haiwezekani.

"Bameifunga!" alisema. "Ilikuwa naingia! Jana ilikuwa naingia!"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu waliopata walichokingojea. Mmoja alimpiga Omer kofi la kisogo kama mtoto wa shule.

"Mwongo. Ata mashini inakukana."

Yule wa petroli alianza kuimimina. Aimée alifumba macho. Petroli ilimteremka shingoni na kifuani, na harufu yake ikajaa dipo zima.

"Ni kweli anasema." Aliyezungumza alikuwa Nizeyimana, motari aliyemleta marehemu. Alikuwa bado na damu ya Jean-Claude mgongoni, imekauka na kuwa kama ramani. "Omer njo alituambia saa, jana, pale parking. Miye nilikuwa nyuma ya gari juu yake. Kama hangetuambia, huyu muko nalilia angelala mu njia mpaka sasa, imbwa bamukule. Munaniona? Na miye munichome basi."

Ndipo Papa Mbusa akainuka mara ya pili, na mara hii hakukaa.

"Na ya asubui ni miye," alisema. "Yote mbili. Sijue kuingia na jina yangu. Sijawahi. Naingiaka na ya huyu mutoto, na nyiye wote munaingiaka na yake. Kasereka, ata wewe, juzi, ulikaa pale ukaangalia mushahara wako. Ulikuwa nani? Ulikuwa Aimée." Alimwendea aliyeshika chupa, akaichukua kwa mkono mmoja kama mtu anayemnyang'anya mlevi, akatoka nayo nje. Alirudi akaliinua tairi kutoka shingoni mwa Aimée na kuanza kuhangaika na mafundo ya kamba.

Kasereka alisimama katikati. Kila mtu alikuwa amemwacha na mzigo wake. Ndugu yake alikuwa amekufa, wauaji walikuwa msituni na bunduki zao, mahali ambapo yeye hawezi kufika na mpini wa koleo, na mtu aliyekuwa mbele yake, karibu, wa kushikika, alikuwa Omer.

"Ulibonyeza na mukono gani?" aliuliza kwa upole.

Omer alidhani ni swali. Aliinua mkono wa kuume.

Walikuwa wawili waliomshika, na Kasereka akaubana mkono juu ya meza ya mzani. Jiwe la kilo kumi aliliinua kwa mikono miwili. Aimée alipiga kelele hapo, mara ya kwanza tangu asubuhi, kelele iliyowafikia watu wa sokoni. Jiwe lilishuka mara mbili. Mara ya pili halikugota kwenye mfupa. Liligota kwenye ubao.

Lilikuwa limeinuliwa mara ya tatu Constance, mjane wa Jean-Claude, alipoingia. Alikuwa ametembea kutoka shambani bila viatu, na jembe lilikuwa bado begani. Aliwapita wote, hakumtazama Omer aliyekuwa akigaragara wala Aimée aliyelowa petroli. Alikwenda kwenye marobota, akafunua turubai. Nzi waliruka. Ndoo ya maji ilikuwa imepinduliwa katika vurugu, na kitambaa kilikuwa kimekanyagwa sakafuni. Damu ilikuwa imefutwa kwenye sikio moja tu.

"Munajaa hivi," Constance alisema, "na mumemuacha peke yake."

Kasereka aliliweka jiwe mahali pake juu ya mzani. Alilisogeza kidogo likae sawa. Kisha akaketi sakafuni, kwenye saruji iliyomwagika, akaanza kulia.

*

Hospitalini Omer alikatwa vidole viwili, na cha tatu kilibaki lakini hakikunjiki. Aimée alifungwa plasta. Walilazwa kwenye chumba kimoja, na Pétronille alilala chini kati ya vitanda vyao, akiwapikia, akimlisha huyu kisha yule. Hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa sauti. Siku moja tu, plasta ikimwasha, Aimée alisema, "Petroli, Omer. Ungeniambia ni petroli ulikosa." Omer akageukia ukuta.

Waliompiga Jean-Claude risasi hawakutafutwa. Polisi waliandika, wakaondoka. Huenda walijua saa kutoka parking, huenda askari wa eskoti, huenda hawakujua chochote na walikuwa wamejificha tu kando ya barabara wakingojea yeyote. Kasereka aliondoka Mubi bila kuaga.

Papa Mbusa alikuja asubuhi moja, na simu mpya mkononi. Alimsalimia Pétronille, akamwuliza Omer kuhusu mkono, akakohoa. Lori la pili lilikuwa Hombo limekwama, risiti hazitoki, na Walikale hawajui kilichomo ghalani. Hakuna mwingine aliyejua mahali pa kitu.

"Hospitali nitalipa miye, urudi ao usirudi," alimwambia Aimée. "Sikulazimishe. Lakini kama utarudi, Cyusa iko ku laini. Anasema utafute mot de passe mupya."

Aimée aliichukua simu kwa mkono mzima. Alifikiri juu ya shamba la baba yake kilimani huko Masisi, ambalo sasa linalimwa na watu asiowajua, na juu ya mkono wa Omer ambao hautashika tena breki.

"Allô, Aimée," Cyusa alisema. "Andika moja mupya. Mutu asiione."

Omer alikuwa wa kwanza. Aliteremka kitandani bila kuambiwa, akaushika mkono wake uliofungwa kama mtoto mchanga, akaenda ukumbini. Pétronille alibaki ameketi chini, akichambua mchele.

"Mama," Aimée alisema. "Na wewe."

Mikono ya Pétronille ilisimama juu ya ungo. Alimtazama mkaza mwanawe kwa muda, kisha akainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akatoka.

Papa Mbusa alitabasamu kidogo, akavuta kiti karibu ili aione vizuri simu ile mpya aliyoinunua.

"Na wewe, Papa," Aimée alisema.

Alingojea mpaka mlango ukafungwa. Kisha akaipinda miguu chini ya blanketi, akaiegemeza simu kwenye magoti, na kwa kidole kimoja akaanza kuandika.